Migogoro ya Uandamizi Kazini Miongoni mwa Wahadhiri na Wakufunzi wa Vyuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tange, yaani orodha inayowapanga watumishi kwa uandamizi ndani ya kila cheo, huweza kukaa kabatini miaka mingi bila mtu kuiulizia. Siku idara inapotafuta mkuu mpya, au chuo kinapolazimika kupunguza watumishi, ndipo kila mmoja anapotaka kujua jina lake liko mstari wa ngapi. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wahadhiri, wakufunzi, wakuu wa idara na maafisa utumishi. Yanaeleza misingi inayotumika katika mifumo mingi ya utumishi. Hata hivyo, kanuni za chuo chenyewe, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na sheria za nchi husika ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

Uandamizi kazini ni nini, na unatofautianaje na cheo?

Cheo ni ngazi ambayo mtumishi ameteuliwa kuishika: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Uandamizi ni nafasi yake miongoni mwa wenzake wanaoshika cheo kilekile katika kada ileile. Kwa hiyo mhadhiri mwandamizi aliyeteuliwa mwezi uliopita anamtangulia mhadhiri aliyefundisha miaka ishirini, na mhadhiri huyo wa miaka ishirini anaweza kuwa wa mwisho katika tange ya cheo chake endapo alikipanda juzi tu. Malalamiko mengi yanayofika mezani kwa afisa utumishi huanza kwa maneno "nimefundisha hapa muda mrefu kuliko yeye". Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli, ila hayajibu kinachoulizwa, ambacho ni nani aliingia kwanza katika cheo hiki kwa njia halali.

Kwa nini tange iwe na uzito, ilhali wanataaluma hupandishwa kwa machapisho na tathmini ya ufundishaji?

Ni kweli kwamba katika vyuo vingi uandamizi una nguvu ndogo kuliko ulivyo katika utumishi wa ofisini. Hata hivyo yapo mambo ambayo sifa za kitaaluma haziyaamui: nani akaimu ukuu wa idara, nani aingie katika baraza kwa zamu, nani atangulie kupewa likizo ya utafiti pale nafasi inapokuwa moja, na, zito kuliko yote, nani aondoke kwanza pale programu inapofungwa. Mikataba mingi ya pamoja hutumia kanuni kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Aidha, katika vyuo ambavyo nafasi za juu zimewekewa idadi maalumu kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, tange ndiyo huamua ni nani wataitwa kufikiriwa kabla ya sifa zao kupimwa.

Ni tarehe ipi hasa inayohesabiwa?

Ugomvi wa uandamizi, ukiondolewa maneno makali na kumbukumbu za zamani, kwa kawaida ni ugomvi wa tarehe. Safari ya mtumishi mmoja kuingia katika cheo ina tarehe nyingi: siku nafasi ilipotokea, siku ilipotangazwa, siku ya usaili, siku baraza la chuo lilipoidhinisha uteuzi, siku barua ilipotiwa saini, siku mtumishi aliporipoti kazini, na siku alipothibitishwa baada ya kipindi cha majaribio. Watu wawili wanaweza kila mmoja kuchagua tarehe inayompendeza na wote wakawa na hati mkononi.

Msimamo unaokubalika kwa upana ni kwamba kinachohesabiwa ni tarehe ya uteuzi halali katika cheo, mradi mtumishi ameripoti ndani ya muda aliopewa. Tarehe ya kuthibitishwa kazini haifai kuwa kipimo, kwa kuwa inategemea mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtumishi, kama vile msimamizi aliyechelewa kujaza fomu ya tathmini. Mahakama ya Juu ya India, ambayo pengine imeandika mengi kuliko nyingine yoyote juu ya suala hili, ilisema mwaka 1990, katika shauri la wahandisi wa jimbo la Maharashtra, kwamba mtu aliyeteuliwa kwa kufuata kanuni huhesabiwa uandamizi wake tangu alipoteuliwa, na siyo tangu alipothibitishwa. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba mtu hawezi kudai uandamizi wa kipindi ambacho alikuwa bado hajaingia katika kada, hata kama nafasi anayoishika ilikuwa wazi tangu zamani. Uamuzi huo wa pili ulilinda tange zilizokwisha kupangwa kwa kanuni ya awali, jambo ambalo wasimamizi wa vyuo wanapaswa kulizingatia kila wanapobadilisha kanuni.

Tofauti kati ya tarehe ya barua na tarehe ya kuripoti huleta matatizo yake. Mhadhiri aliyehitajika kutoa notisi ya miezi mitatu kwa mwajiri wake wa zamani asipoteze nafasi kwa mwenzake ambaye hakuwa na ajira na aliripoti siku iliyofuata. Kwa sababu hiyo kanuni nzuri husema kwamba wote walioteuliwa kwa mchakato mmoja na kuripoti ndani ya muda uliotajwa kwenye barua watahesabiwa kuwa wameanza siku moja. Aliyeomba kuongezewa muda kwa sababu zake binafsi, na kuripoti baada ya muda wa awali kwisha, huhesabiwa tangu siku aliporipoti.

Tuliteuliwa siku moja na kwa barua zinazofanana. Nani anatangulia?

Hufuatwa kwanza mpangilio wa alama za usaili kama jopo lilivyouandika kwenye muhtasari wake. Hii ndiyo sababu majopo ya usaili yanapaswa kuandika majina kwa mpangilio wa ushindi kila mara, hata pale waombaji watatu wanapogombea nafasi tatu na wote wanachukuliwa. Jopo linaloandika tu kwamba wote watatu "wanafaa" huwaachia warithi wake kitendawili.

Ikiwa alama zinalingana, au hazikuandikwa, kanuni nyingi hushuka ngazi kwa ngazi: aliyetangulia katika cheo cha chini yake, kisha aliyetangulia kuajiriwa chuoni, kisha mwenye umri mkubwa zaidi. Baadhi ya vyuo na mikataba ya pamoja humaliza kwa kura ya bahati nasibu inayopigwa mbele ya wahusika. Wapo wanaoona kura ni dharau kwa wasomi. Kwa maoni yetu kura ina heshima zaidi kuliko kigezo kilichobuniwa baada ya majina kujulikana, kwa sababu kigezo cha namna hiyo karibu kila mara huwa kimeshonwa kumkaa mtu fulani.

Nilifundisha kwa mkataba wa muda miaka kadhaa kabla ya kupata ajira ya kudumu. Je, muda huo unahesabiwa?

Inategemea jinsi ulivyoingia, na hili ndilo eneo lenye machungu mengi katika vyuo vya sasa, ambavyo huendesha sehemu kubwa ya ufundishaji kwa watu wa mikataba mifupi. Maswali ya kujiuliza ni manne. Je, nafasi ilitangazwa na ukashindanishwa na wengine? Je, ulikuwa na sifa zote za cheo hicho siku ulipoanza? Je, ulitumikia bila kukatika hadi ulipoingizwa katika ajira ya kudumu? Je, ulifanya kazi kamili ya cheo, pamoja na kusimamia mitihani na kuongoza wanafunzi katika tafiti, au ulilipwa kwa saa za darasani peke yake?

Aliyejibu ndiyo kwa yote manne ana hoja nzito ya kuhesabiwa muda wake wote. Aliyeingizwa kwa dharura, kwa barua ya mkuu wa idara peke yake, ili kuziba pengo la mhadhiri aliyeugua, ana hoja dhaifu: uamuzi wa mwaka 1990 uliotajwa hapo juu ulisema pia kwamba utumishi wa kuziba pengo, uliotolewa nje ya kanuni, hauingizwi katika hesabu ya uandamizi. Msingi wake ni kwamba wengine ambao wangeweza kuomba nafasi hiyo hawakupewa nafasi ya kuomba.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Muda wa mkataba unaweza kukataliwa kwa ajili ya uandamizi na bado ukakubaliwa kwa ajili ya mafao, nyongeza ya mshahara au kutimiza miaka inayotakiwa ili kuomba cheo cha juu. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linataka wanaofundisha kwa muda usio kamili, kwa utaratibu wa kudumu, wapate malipo na masharti ya msingi kwa uwiano na wenzao wa muda kamili. Hilo ni dai halali hata kwa mtu ambaye hana dai katika tange.

Mwenzangu na mimi tuliomba kupandishwa cheo pamoja. Yeye alipandishwa mapema kwa sababu wasomaji wa nje walijibu haraka. Je, hiyo ni haki?

Sivyo, na ni kosa ambalo chuo kinaweza kulizuia kwa sentensi moja katika kanuni zake. Maombi ya kupanda cheo cha mhadhiri mwandamizi au profesa hutumwa kwa wataalamu wa vyuo vingine ili wapime machapisho. Mmoja hujibu ndani ya wiki sita. Mwingine hukaa na faili mwaka mzima, kisha huomba radhi kwamba hataweza, na utafutaji huanza upya. Waombaji wawili wenye sifa sawa, waliowasilisha maombi siku moja, hujikuta wametenganishwa na muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeudhibiti.

Suluhisho linalotumika sana ni kupandisha cheo kwa tarehe ya nyuma: uteuzi, ukishaidhinishwa, huhesabiwa tangu siku maombi kamili yalipopokelewa, au tangu tarehe moja ya mwaka iliyowekwa kwa waombaji wote wa awamu hiyo. Njia ya pili ni safi zaidi, kwa kuwa hata kuchelewa kwa karani wa masjala kugonga mhuri hakumdhuru mtu. Neno "kamili", hata hivyo, lina kazi yake. Aliyewasilisha maombi yasiyo na nakala za machapisho, na kuyaleta baada ya miezi mitano, hawezi kudai tarehe ya awali.

Pia kuna anayekataliwa, akakata rufaa na kushinda. Rufaa ikionyesha kwamba tangu mwanzo alistahili, cheo chake kirudi kwenye tarehe ya wenzake wa awamu ileile. Ikiwa amefaulu kwa sababu ya makala mpya aliyochapisha baada ya kukataliwa, hilo ni ombi jipya lenye tarehe mpya, hata kama limeitwa rufaa.

Waliopandishwa kutoka ndani na walioajiriwa kutoka nje wapangwe vipi katika tange moja?

Kanuni ya kawaida ni kila mmoja kwa tarehe yake ya kuingia katika cheo. Mgogoro hujitokeza pale kanuni inapogawa nafasi kati ya makundi mawili, kwa mfano nusu kwa nusu, kisha chuo kikajaza upande mmoja na kuuacha mwingine kwa miaka. Walioingia wakiwa wamechelewa hudai wapangwe kwa kupishana na wale waliotangulia, jina kwa jina, kana kwamba waliajiriwa pamoja. Dai hilo lina mvuto, lakini likikubaliwa linamweka mtu mbele ya wenzake waliokuwa wakifanya kazi ya cheo hicho yeye akiwa bado mahali pengine. Lisikubaliwe isipokuwa kanuni iliyokuwepo wakati huo ilisema hivyo waziwazi.

Je, likizo ya uzazi, ya masomo au isiyo na malipo humrudisha mtu nyuma?

Likizo ya uzazi haiwezi kumrudisha mtu nyuma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, katika ibara ya 11, unazitaka nchi wanachama kuweka likizo ya uzazi yenye malipo au mafao yanayolingana nayo bila mama kupoteza kazi, uandamizi wala marupurupu yake. Uandamizi umetajwa humo kwa jina. Chuo kinachosogeza mbele tarehe ya mhadhiri kwa miezi aliyokuwa akijifungua na kunyonyesha hakina pa kusimama.

Kuhusu masomo, Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, linasema muda wa likizo ya masomo uhesabiwe katika uandamizi na pensheni. Pendekezo hilo linawahusu walimu wa ngazi za chini ya vyuo vikuu, lakini hoja yake ni nzito zaidi chuoni, ambako mhadhiri msaidizi hutakiwa kwenda kusomea shahada ya uzamivu kama sharti la kubaki kazini. Kumtuma mtu masomoni kisha kumwadhibu kwa kwenda ni jambo lisiloingia akilini.

Likizo isiyo na malipo aliyoiomba mtumishi kwa shughuli zake kwa kawaida haihesabiwi, isipokuwa iliidhinishwa kwa manufaa ya umma na barua ikasema hivyo. Kuazimwa na taasisi nyingine kwa idhini ya mwajiri huhesabiwa. Muda wa kusimamishwa kazi huhesabiwa wote endapo mtumishi ameonekana hana hatia.

Kupata shahada ya uzamivu kunanipandisha katika tange?

Hapana, si kwenyewe. Shahada inakupa sifa ya kuomba cheo cha juu, na ukishateuliwa katika cheo hicho utaanza kuhesabiwa humo. Wenzako waliobaki katika cheo mlichokuwa nacho pamoja hawakurukwa, kwa kuwa umehama tange.

Vyuo viwili vimeunganishwa. Tange ya pamoja itengenezwe vipi?

Kazi ya kwanza, kabla hata ya kutazama tarehe, ni kulinganisha vyeo. Mkufunzi mkuu katika chuo cha ufundi na mhadhiri katika chuo kikuu wanaweza kuwa na mshahara unaokaribiana, huku masharti ya kuteuliwa yakitofautiana kabisa. Kamati iangalie majukumu, sifa za chini zilizotakiwa na mamlaka ya cheo. Mshahara uwe kigezo cha mwisho, kwa sababu chuo chenye fedha nyingi kingeweza kununua uandamizi kwa watumishi wake. Baada ya hapo kila mtumishi huhesabiwa tangu alipoingia katika cheo kilichokubaliwa kuwa sawa, bila kuvuruga mpangilio wa ndani uliokuwepo katika kila chuo. Kama Rehema alimtangulia Daudi katika chuo chao cha zamani, hakuna fomula ya muungano inayopaswa kumweka Daudi mbele yake.

Uhamisho wa mtu mmoja mmoja ni jambo jingine. Anayehamishwa na mwajiri kwa mahitaji ya kazi hubeba uandamizi wake. Anayehama kwa ombi lake, kwa mfano kumfuata mwenzi wake, katika mifumo mingi hukubali kwa maandishi kuanza mwisho wa tange ya cheo hicho katika kituo kipya. Sharti hilo ni kali, lakini linawalinda waliokuwepo kituoni. Likiwa halikuandikwa kwenye barua ya uhamisho, chuo kisilizushe baadaye.

Malalamiko yashughulikiwe kwa utaratibu gani?

Utaratibu mzuri huanza kabla ya kuwapo malalamiko. Chuo kitoe tange ya awali kila mwaka, ikionyesha kwa kila jina cheo, tarehe ya uteuzi katika cheo hicho, tarehe ya kuajiriwa mara ya kwanza, na kanuni iliyotumika kumpanga. Isambazwe kwa wahusika wote, wakiwemo walio masomoni na likizoni, na wapewe muda wa kutosha, tuseme siku 30, kuleta pingamizi kwa maandishi. Baada ya pingamizi kuamuliwa, hutolewa tange ya mwisho. Chuo kinachofanya hivi kila mwaka hupata pingamizi ndogondogo zinazorekebishika. Kisichofanya hivyo hupata pingamizi moja kubwa kila baada ya muda mrefu, na kwa kawaida katikati ya uteuzi wa mkuu wa idara.

Pingamizi likishafika, kosa linalotendwa mara nyingi kuliko yote ni kumsikiliza mlalamikaji na uongozi peke yao. Tange haina nafasi tupu: mmoja akipanda, mwingine anashuka. Kila mtu ambaye jina lake litasogea lazima apewe nakala ya malalamiko na nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi. Maamuzi mengi ambayo yalikuwa sahihi katika hesabu yamebatilishwa kwa sababu aliyeshushwa hakuwahi kuulizwa.

Pendekezo la ILO namba 130 la mwaka 1967 kuhusu ushughulikiaji wa malalamiko kazini linatoa misingi inayofaa kuingizwa katika kanuni za chuo chochote: mfanyakazi awe na haki ya kulalamika bila kudhurika kwa kufanya hivyo, lalamiko lijaribiwe kwanza kumalizwa ndani ya taasisi, na mlalamikaji aruhusiwe kusaidiwa au kuwakilishwa. Chama cha wafanyakazi kinaweza kumsindikiza mwanachama, lakini kiwe mwangalifu pale pande zote mbili ni wanachama wake. Hapo busara ni kila upande kupewa msaidizi wake, na uongozi wa chama ukae kando.

Nani akae katika kamati ya kuamua?

Watu watatu au watano wanatosha. Awepo mtu anayezijua kumbukumbu za utumishi, mwanataaluma wa cheo kisichoguswa na mgogoro, na mtu wa nje ya kitivo. Asiwepo mtu ambaye nafasi yake katika tange inahusika, aliyeketi katika jopo la uteuzi linalolalamikiwa, wala mkuu wa idara anayetaka kurithiwa na mmoja wao. Katika vyuo vidogo ni vigumu kumpata asiyehusika, na hapo ni heri kuazima mjumbe mmoja kutoka chuo kingine kuliko kujidanganya kwamba wote waliopo hawana upande.

Barua ya malalamiko iwe na nini?

Iwe fupi. Itaje tange inayopingwa na tarehe yake, mstari ulipowekwa na mstari unaodai, majina ya watakaoathirika, kanuni unayoitegemea kama ilivyosomeka siku ya uteuzi wako (kwa kuwa huenda imerekebishwa baadaye), na orodha ya viambatisho. Viambatisho vya msingi ni barua ya uteuzi, barua ya kukubali, fomu ya kuripoti na barua ya kupandishwa cheo. Machapisho, vyeti vya pongezi na ushuhuda wa wanafunzi viache nyumbani. Usiandike lolote kuhusu uwezo wa mwenzako darasani. Hata likiwa kweli halibadilishi tarehe, na mtaendelea kuketi katika kikao kimoja cha idara baada ya uamuzi.

Faili langu binafsi limepotea masjala. Nitathibitishaje tarehe?

Tarehe huacha alama mahali pengi. Orodha ya malipo huonyesha mshahara wa kwanza wa cheo kipya. Mfuko wa pensheni una kumbukumbu za michango. Muhtasari wa baraza au kamati ya ajira hutaja majina na tarehe. Karatasi za matokeo ya mitihani zina saini za watahini. Ratiba za masomo hutaja nani alifundisha nini. Hati moja ya aina hii inaweza kutiliwa shaka, lakini tatu zilizoandaliwa na ofisi tofauti na zinazokubaliana ni vigumu kuzipuuza. Kumbuka pia kwamba kutunza faili ni wajibu wa mwajiri, hivyo shaka itokanayo na upotevu wake isimwangukie mtumishi aliyeleta ushahidi mwingine wa kuridhisha.

Nimegundua leo kwamba nilipangwa vibaya miaka minane iliyopita. Je, nimechelewa?

Pengine ndiyo. Uandamizi ni jambo ambalo wengine hujenga juu yake maisha yao ya kazi, na mamlaka nyingi husita kuvuruga mpangilio uliokubaliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya India ilimkatalia mhandisi wa Tamil Nadu aliyepinga upandishwaji wa watu waliokuwa nyuma yake baada ya kukaa kimya takribani miaka kumi na minne, ikasema kwamba mtu katika hali hiyo anapaswa kwenda mahakamani ndani ya miezi sita au, ikizidi sana, mwaka mmoja. Nchi nyingine zina ukomo wao uliowekwa na sheria, na baadhi ni mfupi zaidi ya huo.

Ukimya una maelezo yanayokubalika, hata hivyo. Ikiwa tange haikuwahi kutangazwa, au ilitolewa ukiwa masomoni na hukutumiwa, muda huanza kuhesabiwa ulipoijua. Ikiwa ulilalamika kwa maandishi na hukujibiwa, nakala yenye mhuri wa kupokelewa ni hazina. Barua za kukumbushia, ziwe kumi au ishirini, hazirefushi muda wa kwenda mbele. Chuo kikinyamaza, nenda ngazi inayofuata.

Mahakama inaweza kufanya nini?

Kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwa kawaida mahakama hutazama kama kanuni sahihi ilitumika, kama wahusika walisikilizwa na kama uamuzi una sababu zinazoeleweka. Haipimi nani mwalimu bora, na mara nyingi haipangi tange yenyewe: hurudisha jambo chuoni likaamuliwe upya. Ndiyo maana uamuzi wa kamati ya ndani unapaswa kuandikwa kikamilifu, ukionyesha hoja ya kila upande, kanuni iliyotumika na sababu ya kuikubali hoja moja na kuikataa nyingine. Uamuzi wa mistari miwili unaosema "ombi lako halikukubaliwa" hauwezi kutetewa na mwanasheria yeyote wa chuo.

Wakati mgogoro unaendelea, nani akaimu ukuu wa idara?

Asikaimu hata mmoja wa wagombanao, kama inawezekana. Mtu wa tatu ateuliwe kwa muda mfupi, na barua yake iseme kwamba ukaimu huo haumpi yeye wala kumnyima mwingine haki yoyote. Idara ikiwa na watu hao wawili tu wa cheo hicho, aliyetangulia katika tange ya mwisho iliyopo akaimu kwa sharti hilohilo, kwa kuwa tange isiyobatilishwa bado inafanya kazi.

Mlalamikaji akishinda, nini kinafuata kwa yule aliyekwisha kufaidika?

Tange hurekebishwa na tarehe ya mshindi huandikwa upya. Kama alirukwa katika kupandishwa cheo, afikiriwe upya kana kwamba alikuwa mahali pake tangu mwanzo, na akifaulu apewe cheo kwa tarehe ya nyuma. Kuhusu mshahara wa kipindi kilichopita kuna misimamo miwili: wapo wanaolipa malimbikizo yote, na wapo wanaorekebisha mshahara kuanzia siku ya uamuzi peke yake kwa hoja kwamba kazi ya cheo hicho haikufanywa. Pale kosa lilipokuwa la chuo pekee, msimamo wa kwanza ndio wenye haki zaidi.

Aliyefaidika kwa nia njema, bila kughushi wala kuficha hati, asidaiwe fedha alizokwisha kulipwa. Kumshusha cheo pia kuepukwe, hata kama chuo kitahitaji kuomba nafasi moja ya ziada katika ikama itakayokoma atakapostaafu au kupanda. Katika tange, hata hivyo, jina lake litasogea chini, na ajulishwe hilo kwa barua yenye sababu zilezile alizopewa mwenzake pamoja na muda alionao wa kukata rufaa.